Tila Vondra na Bata wa Barabarani wa Lipnik

Marehemu Otilie Vondra, ambaye nyote mlimwita Tila, alizaliwa tarehe 14 Februari 1930 katika shamba la wazazi wake, maili sita kaskazini ya Lipnik, Nebraska. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Vaclav Benda na marehemu Antonie. Siku hiyo theluji ilifika kwenye madirisha. Mkunga alikuja kwa farasi, akakuta mtoto keshazaliwa na amefungwa ndani ya mfarishi wa manyoya ya bata bukini. Mama yake alipenda kusema kwamba Tila alimjua bata kabla hajamjua mtu. Alibatizwa tarehe 2 Machi mwaka huohuo, katika kanisa hilihili alimolazwa leo.

Alianza shule mwaka 1936, shule ya chumba kimoja iliyokuwa ng'ambo ya kijito, akamaliza darasa la nane mwaka 1944. Alijua kusoma na kuandika Kicheki na Kiingereza, na alichora kuliko wote. Mwalimu alikuja nyumbani kumwomba mzee Benda amwache binti aendelee na masomo mjini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamjazia kahawa, akasema, "Mwalimu, bata hawaendi sekondari. Nani atabaki nao?" Ikawa ndiyo hivyo. Miaka yote ya ndoa yake Tila alimsomea mumewe gazeti mezani, kwa kuwa mumewe aliishia darasa la tatu. Kwa hiyo maandishi haya yakikwaruza masikio, msimlaumu marehemu. Zamani yeye ndiye angeyaandika, na yangekuwa mazuri.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa manyoya. Wakubwa mnaikumbuka. Januari na Februari, shamba likiwa limelala, wanawake hukusanyika nyumba moja baada ya nyingine, wakakaa kwenye benchi kuzunguka meza ndefu, wakachambua manyoya ya bata: laini upande huu, mti wa unyoya upande ule. Humo ndani hakuna kucheka, hakuna kupiga chafya, na mlango haufunguliwi ovyo. Pumzi moja kubwa inatosha kurusha kazi ya siku nzima.

Februari mwaka 1948 wanawake walikuwa kwa Benda. Kijana mmoja aitwaye Ladislav Vondra, Ladi, alifungua mlango kidogo akaachia shomoro ndani. Vijana wa hapa walifanya utani huo tangu enzi za babu zao, ila wengi walikuwa na adabu ya kuufanya siku ya mwisho, kazi ikiwa imeshaingia kwenye magunia. Ladi alikosea siku. Shomoro alipiga mbawa mara tatu na nyumba nzima ikawa theluji.

"Nani kaingiza ndege?"

"Ni huyo Vondra! Yule mwenye masikio!"

Tila hakupiga kelele. Alichukua ufagio, akatoka bila kofia, akamkuta Ladi nyuma ya ghala la mahindi.

"Ingia ndani."

"Niingie kwa wanawake?"

"Si ulikuwa na haraka ya kuingia? Ingia sasa."

Alimkalisha kwenye benchi kati ya mama yake na shangazi yake, akamchambulisha manyoya siku tatu. Wenzake walipita dirishani wakimwita "Bibi Ladi." Ladi aliona hakuna aibu duniani inayozidi ile. Alikosea tena. Ile ilikuwa aibu ya mtoto.

Walifunga ndoa Jumatano, tarehe 8 Juni 1949. Mungu aliwajalia watoto wawili, Darlene mwaka 1951 na Leonard mwaka 1956. Shamba la kina Vondra lilikwenda kwa kaka mkubwa, kama ilivyo desturi. Ladi alipata pembe ya ardhi kando ya barabara kuu, pampu mbili za mafuta, na nyumba yenye jiko. Yeye alisimama kwenye pampu. Tila alipika: bata wa kuoka, matonge ya unga, kabichi chachu, na zile kolache, mikate midogo mitamu ya plamu na ya mbegu za popi, ambazo wengi wenu mlikulia nazo. Alipika katika jiko hilo kuanzia mwaka 1949 hadi 1996.

Sasa habari ya bata mkubwa. Wote mmeisikia. Mliyoisikia ni uongo, na aliyewaambia ni mumewe.

Mumewe alisimulia kwa miaka sitini kwamba babu yake kule Bohemia aliokolewa na bata bukini wakati wa mafuriko, na kwamba yeye, Ladi, aliota ndoto akaamriwa amjengee bata huyo ukumbusho kando ya barabara. Kila mwaka mafuriko yaliongezeka kina. Hakukuwa na mafuriko. Babu yake alikufa kwa kula uyoga mbaya. Ndoto nayo hakuna. Yaliyotokea ni haya.

Mwaka 1953 wanawake wa benchi la manyoya walitaka kuingia kwenye gwaride la mavuno. Tila akasema wajenge bata. Alimjenga mwenyewe katika ghala la baba yake kwa wiki sita: mifupa ya fito za mierebi, wavu wa waya juu yake, kisha magunia ya unga yaliyolowekwa gundi ya wanga na kupakwa chokaa. Alimsimamisha juu ya tela la kubebea nyasi. Shingo ilipita mlango wa ghala kwa nafasi ya kidole. Ladi alipewa kazi moja tu. Atie grisi magurudumuni.

"Ladi, umetia grisi?"

"Nitatia."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano ikaja.

"Ladi, grisi."

"Nitatia, nimesema."

Ijumaa akaambiwa tena, akajibu, "Mwanamke, tela hili limebeba nyasi miaka ishirini. Leo lilemewe na bata wa magunia?"

Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1953, saa tatu asubuhi, Ladi alikuwa anavuta tela kwa trekta. Wanawake kumi na mmoja walikaa kumzunguka bata, wamevaa aproni nyeupe, kila mmoja na kikapu cha manyoya. Gwaride lilikuwa lianze saa nne. Gurudumu la nyuma lilianza kulia, likatoa moshi, beringi ikaungua, ekseli ikakatika. Tela likalala upande mbele ya pampu zake mwenyewe, hatua ishirini kutoka jikoni kwa Tila.

Albina, mdogo wake Tila, alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliruka chini machozi yakimtoka.

"Shemeji, ulitia grisi gani? Mate?"

"Barabara mbaya," alisema Ladi.

Barabara ilikuwa na lami mpya. Wote waliitazama.

Gwaride lilipita mjini bila bata. Lakini magari yaliyokuwa yakienda magharibi yalianza kupunguza mwendo. Familia moja ya Ohio ilisimama ikapiga picha. Ikaja nyingine. Bwana mmoja mwenye kofia ya nyasi alimwuliza Tila, "Mama, bata huyu ni wa nini?" Tila macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Ni wa kolache." Jikoni kulikuwa na sinia sita alizooka kwa ajili ya wanawake wa gwaride. Kufikia adhuhuri hazikubaki. Ndivyo tangazo la Lipnik lilivyozaliwa. Halikutoka kwenye ndoto wala kwa babu, lilitoka kwenye gurudumu kavu.

Oktoba mvua ilinyesha na magunia yakaanza kubanduka. Ladi alitaka kumchoma moto. Alishaleta hata mafuta ya taa. Tila akasema atampiga plasta ya saruji.

"Saruji kwa bata? Watatucheka hadi Omaha."

"Anayecheka huwa amesimama. Akisimama, atakula."

"Utaanguka."

"Basi shika ngazi."

Alianza tarehe 5 Aprili 1954, baridi ilipoacha kugandisha maji, akamaliza tarehe 26 Juni. Alifunga nondo za kinu cha upepo cha zamani. Alichanganya saruji kwa jembe ndani ya hori la ng'ombe. Darlene alikuwa na miaka mitatu, amefungwa kiunoni kwa kamba ya aproni, ncha ya pili kwenye nguzo ya pampu, asitoke barabarani. Tela hakuliondoa. Limo ndani ya msingi hadi leo, na ekseli yake iliyokatika. Kila unyoya aliubonyeza kwa mgongo wa kijiko cha supu saruji ikiwa mbichi, akianzia mkiani, safu ya chini kwanza, kisha ya juu yake, kama vigae vya paa, ili maji yateremke. Unyoya mmoja mmoja, elfu tatu mia moja na kumi na sita. Aliyahesabu. Bata alisimama futi ishirini na mbili kutoka lami hadi kichwani.

Kazi ya mumewe ilikuwa kushika ngazi siku za upepo. Siku nyingine hakushika.

Tarehe 14 Julai 1954 alikuja mwandishi wa gazeti kutoka mjini. Alikuwa na kamera na gari lilikuwa linanguruma. Mwiko wa saruji wa Tila ulikuwa umelala kwenye ngazi. Ladi aliuokota ili kuuondoa njiani.

"Kazi safi hii," alisema mwandishi. "Fundi ni nani?"

"Mimi," alisema Ladi.

Ni neno moja tu. Tila alikuwa dirishani, mikono yake imo kwenye unga. Dirisha lilikuwa wazi.

Mchana huo walikula.

"Kwa hiyo umejenga bata," alisema Tila.

"Yule mtu alikuwa na haraka."

"Mm."

"Nikimwona tena nitamweleza."

"Mm. Nipe kabichi."

Hakumwona tena. Hakumtafuta. Picha ilitoka gazetini, na Tila ndiye aliyemsomea mumewe maneno yaliyokuwa chini yake, sauti yake ileile ya kila siku, mpaka mwisho, na jina. Kisha akafungua ukurasa wa bei za nafaka.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya mumewe ilikuwa ndefu, tena ya lami. Zilikuja kadi za posta zenye picha ya bata na jina la Ladislav Vondra. Wakaja watu wa redio. Mwaka 1966 barabara mpya ya njia nne ilipita maili mbili kusini, vituo vyote vya mafuta vya upande huu vikafa, ila watu walikata kona kuja kumwona bata na kula. Kila Mei Tila alipanda akampaka rangi. Alipanda asubuhi mapema, kabla magari hayajaanza. Hilo nalo alilitaka mumewe. Alimwambia jua la mchana linaharibu rangi.

Wanawake wa benchi walijua. Walimwona. Na wasingemwona, wangejua tu. Ladi aliwaambia wageni kwamba alianza na manyoya ya kichwani akashuka. Mtu yeyote aliyenyonyoa bata anajua huyo hajawahi kujenga bata. Baridi ya mwaka 1962 Ladi aliingia kuongeza kuni wakati wanawake wakichambua, na Albina akamdaka.

"Shemeji, nieleze vizuri. Ulianzia wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani! Na mvua ikinyesha, maji yanapita wapi?"

"Yanateremka."

"Yanateremka ndani ya shati, shemeji! Bata wako atakufa kwa nimonia."

Wanawake waliuma midomo, maana pale hakuchekwi, lakini mmoja alishindwa, akafuata wa pili, na manyoya yakaruka hadi kwenye taa. Tila peke yake hakucheka.

"Mwacheni," alisema. "Chambueni."

Jumanne, tarehe 11 Mei 1971, alikuwa anapaka rangi mdomo wa bata. Upepo ulikuwepo. Mumewe alikuwa ameahidi kushika ngazi, akaenda kumjazia mafuta mgeni, na mgeni akataka kusikia habari ya mafuriko. Tila alianguka futi kumi na nane akavunjika nyonga. Hospitalini daktari aliuliza imekuwaje. Mumewe alijibu kwamba ameteleza kwenye ngazi za stoo ya chini, akibeba viazi. Kama angesema ukweli, daktari angeuliza mama wa miaka arobaini na moja alipanda juu ya bata kufanya nini. Tila alikuwa macho. Alikuwa na maumivu, lakini alikuwa macho, na alisikia. Darlene na Leonard walikua wakiamini habari ya viazi. Tila alichechemea kwa sababu ya viazi hivyo miaka arobaini na mitatu.

Jumamosi, tarehe 15 Julai 1989, watu wa ofisi ya kumbukumbu za kale walikuja kufunga kibao cha shaba kwenye msingi. Nyote mlikuwepo, na bendi ilikuwepo. Kabla ya siku hiyo mumewe aliletewa karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye mjenzi. Kusoma alikuwa hajui vizuri, ila jina lake alijua kuliandika. Aliliandika. Mama aliyeongoza sherehe alimgeukia Tila, akamwuliza kwa upole, mbele ya kipaza sauti, "Na wewe, mama, ulimsaidia mzee?"

Tila alimtazama mumewe. Hakumkazia macho. Alimtazama kama mtu anayemngoja mwenzake avae viatu watoke.

Mumewe alitazama bendi.

"Nilimshikia ngazi," alisema Tila.

Watu walicheka kwa upendo. Mumewe alicheka pia. Alicheka kuliko wote. Katika mambo yote aliyoyafanya, kicheko hicho ndicho kinachomwamsha usiku.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2011. Alivumilia bila kulalamika, isipokuwa kuhusu chumvi, ambayo daktari alimkataza. Tarehe 28 Oktoba mwaka huu alilazwa, maji yakiwa yamejaa kwenye mapafu. Madaktari na wauguzi walimtunza vizuri na familia inawashukuru. Jumatano, tarehe 5 Novemba, aliingia muuguzi mpya, msichana mchangamfu. Alisoma jina kwenye karatasi ya kitandani.

"Vondra! Vondra wa yule bata? Bibi, mumeo ndiye aliyejenga yule bata mkubwa? Nilipigwa picha pale nikiwa na miaka sita!"

Chumbani walikuwa watatu. Hapakuwa na bendi, mwandishi, wala mgeni wa Ohio. Tila aligeuza kichwa kwenye mto akamtazama mumewe, na akangoja. Alingoja muda mrefu kwa mtu asiye na pumzi.

Mumewe alinyoosha blanketi miguuni pake.

"Ndiyo," Tila alimwambia msichana. "Mimi ni mke wake."

Hilo halikuzungumzwa tena. Alifariki dunia Jumapili, tarehe 9 Novemba 2014, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Mkono mmoja ulishikwa na Darlene, na ule mwingine na mumewe.

Maneno haya ameyaandika mumewe. Darlene, anayewasomea, amenyoosha herufi tu. Alipofika hapa juu kwenye habari ya viazi aliweka karatasi chini.

"Baba, hii siisomi."

"Basi nitaisoma mwenyewe. Tutazika kesho."

"Watu watasemaje?"

"Waseme."

Alilia kidogo, akaichukua tena. Mumlaumu baba yake, yeye msimlaumu.

Albina naye aliulizwa Jumapili hiyohiyo kwa nini dada yake hakusema kitu miaka yote. Albina hajawahi kumficha shemeji yake neno, ila hili alilificha. Alisema alimwuliza Tila mara moja, mwaka ule wa kibao. Tila akamjibu, "Kaka yake alipewa shamba. Yeye alipewa kona ya barabara. Hakuwa na kitu cha kusema ni chake. Nilidhani atakuwa na bata siku chache, halafu atamrudisha."

Mumewe hakumrudisha. Alikuwa na miaka sitini na miezi minne ya kumrudisha, na jikoni palikuwa hatua ishirini.

Jumatatu Darlene alimpeleka kwenye ofisi ile ya kumbukumbu. Alimweleza kijana wa pale yote, akamwomba abadilishe kibao kabla ya maziko. Kijana alitafuta jalada, akaligeuza juu ya meza.

"Bwana Vondra, saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi hapa unasema umejenga, na leo unasema hukujenga. Niamini ipi?"

"Ya leo."

"Nakuamini, mzee. Lakini kibao hakibadilishwi kwa neno la mtu mmoja, hasa akiwa ndiye aliyesema la kwanza. Niletee watu watatu waliomwona mama akijenga. Waandike kwa mkono wao."

Ni haki. Mtu akiuza maneno yake miaka sitini, hayabaki na thamani siku anapoyahitaji.

Kwa hiyo familia ina ombi. Baada ya maziko kutakuwa na chakula katika ukumbi wa kanisa. Kwenye meza ya kahawa kuna karatasi na kalamu. Albina ameshaandika. Wanatakiwa wawili. Wako humu, na mumewe anawajua, ila majina yenu hatayataja, kwa kuwa hana haki ya kumwaibisha mtu. Mlipita na matrekta yenu majira yale. Mlimletea mchanga. Mlimpungia mkono, naye yuko juu ya ngazi na saruji hadi kwenye viwiko, akawapungia kijiko. Kisha mkaja kwenye sherehe ya kibao mkapiga makofi. Mlinyamaza kwa kumhurumia mumewe, au kwa sababu hadithi yake ilikuwa nzuri, au kwa sababu Tila mwenyewe alinyamaza. Mumewe hawalaumu. Anawaomba. Kama mnaogopa kumvunjia heshima, heshima hiyo ameshaitoa leo mbele ya jeneza, haipo tena ya kulindwa. Asiyeweza kuandika, Darlene ataandika kwa niaba yake, na yeye ataweka alama. Ofisi itangoja hadi mwisho wa Novemba.

Mumewe hataandika kwenye karatasi hiyo. Ofisi imemkataza, na ni sawa. Yeye ameandika hii.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na kaka yake Bohumil. Ameacha mume, Ladislav, binti, Darlene, na mumewe Gerald, wa hapa Lipnik, mwana, Leonard, na mkewe Patrice, wa Omaha, wajukuu watano, vitukuu wanane, ambao wawili wamejifunza kwake kuoka kolache na mmoja kuchora, na mdogo wake, Albina. Maziko yanafanyika leo, Alhamisi, tarehe 13 Novemba, katika makaburi ya kanisa, upande wa kaskazini.

Otilie Vondra, aliyejenga bata wa Lipnik, na alale kwa amani.